Karatasi za Bustani ya Somoe

Nyangamara, 12 Mfungo Pili 1323

Kwa mdogo wangu Huseni bin Hasani, karani wa boma, Lindi.

Salamu nakupa, lakini chache, maana nyingi zimo katika nyaraka mbili nilizokuletea na hukujibu hata mmoja. Aliyeubeba wa pili aniambia alikukabidhi mkononi, ukautia mfukoni, ukaingia ndani. Basi huu ni wa tatu.

Nauliza tena. Mume wangu Likwata yuko wapi? Tangu mwisho wa Shaabani alipofungwa kamba sijasikia neno. Hakwenda mwituni kupigana na hakunywa maji ya mtu yeyote. Askari walipopita hapa walikusanya mikuki, pinde na majembe yote ya kijiji, wakasema chuma ni chuma. Likwata akaenda kwa akida kuomba majembe yarudishwe, kwa kuwa mvua zilikuwa karibu. Kosa lake ndilo hilo. Alifungwa pale pale barazani, akapelekwa Lindi. Wewe unaingia bomani kila siku, majina ya wafungwa unayaandika kwa mkono wako. Uliza, kisha uniambie.

La pili ni la mpwa wako Somoe. Ametimiza miaka kumi na mmoja na amechukua akili ya babu yake. Masika yaliyopita jamvi bovu la marehemu baba lilisahauliwa nyuma ya nyumba. Alipoliinua, nyasi za chini yake zilikuwa zimekufa zote, udongo umelainika, mweusi, umejaa nyungunyungu. Akachomeka mbegu ya boga kwa kidole tu, ikaota. Sasa kwa kuwa hatuna jembe, anataka kufanya bustani nzima namna hiyo. Hachimbi wala halimi. Anafunika nyasi, juu anamwaga majani makavu na mavi ya mbuzi, kisha anatoboa kwa kijiti na kutia mbegu.

Majamvi yaliungua pamoja na ile nyumba ya kwanza, askari walipoichoma. Amejaribu majani ya mgomba, ukoka umeyatoboa. Lakini kipande cha gazeti ulichofungia sukari mwaka juzi kilikuwa kimelala chini ya jiwe, na ukoka haukukipita. Kwa hiyo anakuomba magazeti ya zamani, mengi kadiri utakavyopata. Anasema baba yake akirudi atakuta maboga. Sisi wenyewe tunakula mizizi ya porini, Huseni, na ile ya karibu imekwisha.

Dada yako,
Mwanahawa binti Hasani


Lindi, 17 Januari 1906

Dada Mwanahawa, shikamoo.

Waraka wako nimeupata na nimeusoma nikiwa nimefunga mlango. Umeandika mambo ambayo mtu mwenye akili hayatii katika karatasi. Je, angeufungua askari njiani?

Unaniomba magazeti mengi kadiri nitakavyopata, niyapeleke bara, nyumbani kwa mtu aliyefungwa. Hujui magobore yanashindiliwa kwa karatasi? Hapa mtu akikutwa na furushi la karatasi njiani anaulizwa anampelekea nani baruti. Nami nitajibu nini? Kwamba mtoto analima bila jembe? Watacheka, kisha watanifunga. Mimi hapa nilipo naangaliwa kwa jicho la pembeni kwa sababu yako, uliyeniletea shemeji kutoka bara wakati Kilwa ilikuwa imejaa wanaume.

Tena umesahau malezi. Marehemu baba akiona karatasi yenye maandishi imeanguka chini aliiokota, akaibusu, akaichomeka paani katika makuti. Alituambia herufi haziwekwi chini pakakanyagwa, maana hujui jina lililo ndani yake. Leo binti wa Mwalimu Hasani anataka kuzilaza herufi katika mavi ya mbuzi! Nami ni mtu wa kuandika, dada. Hizo habari za Lindi zinazotoka katika gazeti la Kiswahili naziandika mimi, na jina langu linapigwa chapa chini yake. Watu wa Dar es Salaam wananisoma.

Habari za wafungwa si kazi yangu. Wako wengi. Usiulizeulize.

Ndugu yako,
Huseni bin Hasani, karani


Nyangamara, 27 Mfungo Pili 1323

Huseni,

Shikamoo yako nimeiacha hapo ulipoiweka.

Unamwita Likwata mtu wa bara. Ulipopata ndui kule njiani, ulipomfuata katika safari ya nta ukitaka kujiona mwanamume, wapagazi wote walikukimbia. Watu wa pwani wenzako ndio waliokuwa wa mwanzo kutupa mizigo. Huyo wa bara alikubeba mgongoni siku nne, usaha wako ukimtiririka shingoni, mpaka akakufikisha Kilwa mlangoni kwa baba. Baba hakumuuliza kabila. Alimuuliza kama anataka mke. Asante ya punda ni mateke, tulifundishwa, lakini sikujua kwamba punda nimemlea mimi.

Herufi unanifundisha mimi? Mimi ndiye niliyekushika mkono ukaandika alifu. Nisingeomba karatasi yenye herufi za Kiarabu, herufi za baba, hata tungekufa. Nataka za Kidachi cha hao Wajerumani wako na za Kihindi, zile Akberali mwenye duka anazofungia bizari na misumari. Zikifunga misumari si dhambi, zikimlisha mtoto ndiyo dhambi?

Na kuhusu magobore, njoo uyatafute. Njoo uone kama hapa pana mwanamume wa kulishika gobore. Tumebaki wanawake, watoto na mzee Abdala asiyeona. Mama wa Likwata anakufa taratibu mbele ya macho yangu. Jana Somoe alimpa mgao wake wa mizizi, akaniambia yeye ameshiba. Alikuwa ananidanganya.

Mvua inanyesha. Mbegu za boga na kunde ninazo, nilizificha katika mto wa kulalia. Zisipoingia ardhini mwezi huu hazitazaa. Leta karatasi. Na nijibu lile la kwanza, kwa maana naona umeandika ukurasa mzima na mahali pa mume wangu umeparuka.

Mwanahawa


Lindi, 2 Februari 1906

Dada yangu,

Nimeshindwa nawe. Nassibu, mpagazi wa Akberali, anakuletea mafurushi mawili juu ya mzigo wa chumvi. Nimemwambia Akberali atie magazeti ya Bombay na ya Kidachi tu, amefunga mwenyewe dukani kwake, mimi sikugusa. Akiulizwa njiani, Nassibu atasema ni ya kufungia chumvi. Ndani kuna na kibaba cha mchele wa mama mkwe wako.

Kuhusu shemeji, wafungwa wengine wamepelekwa mbali kwa meli. Kuwa na subira.

Nisalimie Somoe. Mwambie mjomba wake anamkumbuka.

Huseni


Nyangamara, 20 Mfungo Tatu 1323

Mdogo wangu Huseni,

Leo nakusalimu kama zamani. Hasira yangu unaijua, inawaka upesi na kuzimika upesi. Mchele mama mkwe aliula uji, akakuombea dua kwa Kimwera, ndefu, mpaka akasinzia katikati.

Ungemwona Somoe! Alizilaza karatasi zikipandana pembe kwa pembe kama magamba ya samaki, akazimwagia maji, akaweka majani na mavi ya mbuzi, na juu ya vyote mawe ili upepo usizibebe. Watu walikuja kumcheka. Mzee Abdala alipapasa kwa mikono akasema hii ni bustani ya vipofu, hata yeye ataiweza. Sasa kunde zimetokeza majani manne manne, na hakuna anayecheka. Wameanza kuuliza karatasi zinapatikana wapi.

Kuna msichana hapa, Agnes, mtoto wa misheni. Misheni ilipochomwa moto alikimbilia kwetu. Yeye anajua herufi za Kidachi. Basi kabla ya kuilaza karatasi humwonyesha Somoe herufi zake, na mtoto amezishika upesi ajabu. Nawe ulisema ni za Bombay na za Kidachi tu! Kumbe furushi la pili lina mengi ya Kiswahili kitupu, tena mapya. Somoe amekataa kuyalaza mpaka ayasome. Unajua anatafuta nini? Jina lako. Nilimwambia mjomba wake anaandika gazetini, naye amekwisha kuwatambia watoto wote wa kijiji. Amezikunjua karatasi ishirini, anasoma moja kila asubuhi, kwa kidole, pole pole kama kobe. Amekwisha kuona neno Lindi mara mbili.

Amefurahi, na mimi nimejipaka mafuta leo, nimevaa leso mpya niliyokuwa nimeizika isiungue. Likwata akija asinikute kama mjane.

Hiyo meli ilikwenda wapi? Dar es Salaam? Nitamwandikia huko, niambie tu jina la gereza.

Dada yako akupendaye,
Mwanahawa


Lindi, 24 Februari 1906

Dada,

Naandika kwa haraka, huyu anayekuletea anaondoka sasa hivi. Magazeti ya Kiswahili yametiwa kwa makosa ya Akberali. Ni mali ya serikali na yanatakiwa bomani. Mkabidhi huyu mjumbe yote aondoke nayo leo. Kama hutaki kuyatoa, yalaze chini yote mara moja, uyafunike, umwage mavi mengi juu. Asisomewe mtoto. Habari za gazetini si za watoto.

Na huyo Agnes si mtu wa kukaa nyumbani mwako. Mtoe.

Fanya nisemavyo, nakuomba kwa jina la baba.

Huseni


Nyangamara, 4 Mfungo Nne 1324

Huseni,

Mjumbe wako anarudi mikono mitupu.

Juzi ulinifundisha kwamba herufi haziwekwi chini hata kidogo. Leo waniambia nizilaze zote, upesi, nizimwagie mavi mengi. Baba yetu huyo mmoja umemtumia kunizuia, na sasa wamtumia kunisukuma. Una dini ngapi?

Nakujua. Umesikia watu wanazitaka karatasi, ukaona zina thamani, sasa wazitaka zirudi. Wenzako walichukua majembe, wakamfunga aliyeyaomba. Mtoto akatafuta njia ya kulima pasipo jembe, na sasa wewe unataka kuchukua na hiyo njia. Mali ya serikali! Serikali inataka nini na karatasi ya kufungia pilipili? Ama unamwonea kijicho msichana wa kijijini kwa kuwa amejifunza kwa mwezi mmoja herufi ambazo wewe ulikwenda shule miaka mitatu kuzipata?

Agnes hatoki. Anachota maji, anamwogesha mama mkwe, hajanidanganya hata siku moja.

Karatasi zimebaki tatu. Kesho Somoe anasoma ya kwanza. Leo asubuhi alikuwa anaruka ruka, anasema kwa hakika jina la mjomba limo katika mojawapo ya hizo tatu.

Na bado hukuniambia jina la gereza.

Mwanahawa


Nyangamara, 6 Mfungo Nne 1324

Kwa Huseni.

Jina lako limeonekana.

Alisoma mtoto mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu, maana aliwaita waje wasikie. Nimemwambia Agnes ayarudie maneno yako na mimi nayaandika hapa kwa herufi za baba, ili uyaone yanavyokaa ndani yake:

"Habari za Lindi. Tarehe 13 Novemba walinyongwa wakaidi sita mbele ya boma. Mmoja wao ni Likwata wa Nyangamara, aliyekuwa akiwagawia watu dawa ya maji. Watu wengi walikuja kutazama nao wamepata adabu. Sasa nchi imetulia na pamba inaendelea vizuri. Huseni bin Hasani, karani."

Somoe alifika kwenye neno Nyangamara akacheka kwa furaha, akasema, "Mama, na sisi tumo!" Kisha akarudia mstari ule kwa kidole.

Aliyewagawia watu dawa! Nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba alikwenda kuomba majembe. Hukungoja uniulize, ulikuwa umekwisha kuandika. Ulisimama pale? Ulimwona? Yeye alikuona? Nakuuliza hilo tu, mwana wa mama yangu, alikuona? Maana kama alikuona alijua kwamba amepata mtu wa kumsemea, na akafa akingoja useme.

Siku zote hizi ulijua. Uliniambia subira. Uliniambia meli. Mimi nikajipaka mafuta, nikavaa leso, nikaimba kisimani. Mwanamke akifiwa anakaa eda miezi minne na siku kumi, hata maskini wa mwisho hanyimwi hilo. Mimi mume wangu ameoza na mimi nacheka. Eda yangu umeila wewe, nimebakiwa na siku ishirini na chache za mwisho, ndizo nimeziingia jana. Matanga hatukuweka, hatuna cha kuwapa watu, tumeketi tu katika ule udongo ambao mtoto hakuuchimba.

Mama yake Likwata hajaambiwa. Bado anakuombea.

Kikulacho ki nguoni mwako. Usiniite dada.

Mwanahawa binti Hasani, mjane wa Likwata


Lindi, 16 Machi 1906

Kwa Mwanahawa,

Sikuiti hilo ulilokataa.

Nitakujibu uliloniuliza. Ndiyo, aliniona. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bwana mkubwa nimeshika kidau cha wino. Alinitazama mara moja, akatazama pembeni, wala hakuniita. Nadhani alijua kwamba akiniita tutakuwa saba. Alinibeba mara ya pili, Mwanahawa. Unadhani silijui hilo?

Maneno ya dawa si yangu. Bwana alitoa karatasi yake ya Kidachi, mimi nikageuza kwa Kiswahili. Katika ile ya bwana hapakuwa na majina, palikuwa na wakaidi sita tu, kama mbuzi sita. Watano sikuwajua. Yeye nikalitia jina lake na la kijiji chake, kwa kichwa changu mwenyewe, nikasema angalau mahali pamoja duniani paandikwe. Ningeulizwa kwa nini, ningepigwa viboko. Niliogopa mno kukuambia, na kila siku niliyochelewa ilizidisha uoga. Hasira yako ni haki yako, lakini na wewe jaribu kukaa hapa siku moja, ukisikia kamba zinavyofungwa, uone kama ungesema.

Nimemletea Somoe furushi jingine la karatasi. Zimo za Bombay tupu, nimezikagua moja moja.

Huseni


Nyangamara, tarehe 20 Julai 1906

Kwa Mjomba Huseni,

Shikamoo. Mama alisema nisikuamkie, lakini Agnes alisema barua huanza kwa salamu.

Hizi ni herufi za Kidachi. Nimejifunza katika magazeti yako. Mama haandiki tena kwako, kwa hiyo nakuandikia mimi. Waraka wako wa Machi tulisomewa na mama mara moja, kisha akautia motoni. Furushi uliloleta nimelilaza chini lote bila kulisoma. Sasa bustani inafika mpaka kwa Mzee Abdala.

Bibi alikufa mwezi uliopita. Hakufa kwa njaa. Alikula majani ya kunde na majani ya maboga siku nyingi kabla ya kufa, akasema ni matamu. Tulimwambia habari za baba siku ya mwisho. Alisema anajua, alijua tangu mama alipoacha kuimba.

Ulisema ulitia jina la baba ili liandikwe mahali pamoja. Ile karatasi sikuilaza, niliificha siku nyingi. Babu alikuwa akisema karatasi yenye jina isikanyagwe, ichomekwe paani. Lakini karatasi ilikuwa moja na majina yalikuwa mawili. Nikachukua kisu cha mama nikaikata. Kipande chenye jina la baba nimekichomeka paani, juu ya mahali ninapolala. Yale maneno ya dawa nimeyakata nikayatupa chooni. Limebaki "Likwata wa Nyangamara" tu.

Kipande chenye jina lako nimekilaza chini, pale nyuma ya nyumba palipokuwa na jamvi la babu. Nikaweka mavi ya mbuzi na majani, nikatia mbegu. Nikapakanyaga kwa miguu yote miwili. Mama aliniona, hakunikataza.

Pameota boga kubwa kuliko yote. Jana tumelivunja, tumelila na Agnes na Mzee Abdala, tukashiba. Mbegu zake nimezianika kwa ajili ya mwakani.

Usilete karatasi tena. Lete majembe yetu.

Somoe binti Likwata